Margaret McMillan na Afya ya Mwanafunzi

Margaret McMillan alizaliwa nchini Marekani mwaka 1860, wazazi wake wakiwa Waskoti. Baba yake alipofariki mwaka 1865, mama yake alirudi Scotland pamoja na watoto. Utotoni Margaret aliugua homa iliyomfanya kiziwi, naye hakupata kusikia tena hadi alipokaribia umri wa miaka 14.

Mwaka 1893 alihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Watoto wengi wa huko walifanya kazi kiwandani nusu ya siku, kisha wakaenda shule. Mwaka 1894 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bodi ya Shule ya mji. Alipozuru madarasa aliona njaa, uchafu na maradhi, akatambua kuwa fedha za kodi zilipotea bure kumfundisha mtoto asiyeweza kusikiliza kwa sababu ya njaa. Bodi ikajenga mabafu shuleni mwaka 1897. Na mwaka 1899 yeye na Daktari James Kerr wakawapima wanafunzi afya.

Sheria ya mwaka 1902 ilizivunja bodi hizo, naye akapoteza kiti chake. Hata hivyo hakuacha kudai. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu serikali za mitaa kuwapa wanafunzi chakula, na ile ya mwaka 1907 ikazilazimu kuwapima afya. Mwaka huohuo watoto 40 wa Bradford walilishwa shuleni na kupimwa. Uzito wao uliongezeka. Likizo ilipokatiza mlo, ukapungua.

Upimaji pekee haukumridhisha, kwani mtoto aliyegunduliwa kuwa mgonjwa yampasa atibiwe. Mwaka 1910 yeye na dada yake Rachel walifungua kliniki ya wanafunzi Deptford, London, na mwaka 1914 shule ya chekechea ya uwanjani. Rachel alifariki mwaka 1917. Mwaka 1930 Margaret alifungua chuo cha ualimu chenye jina la dada yake. Akafariki mwaka 1931.

Maisha haya yanamhusu mwalimu atakayepangiwa Misigiri, wilayani Iramba. Mwanafunzi anayebaki nyuma apewe masomo ya ziada, lakini kwanza ichunguzwe sababu. Je, amekunywa uji? Akiitwa kwa sauti ya chini, huku ameupa mgongo ubao, anaitika? Anakodoa macho asomapo? Asiyesikia vizuri aketi mbele. Mgonjwa apelekwe zahanati. Suala la mlo lifikishwe kwa kamati ya shule na kwa halmashauri, likiambatana na daftari la mahudhurio. McMillan alifanikiwa kwa kuwapelekea wenye madaraka mambo aliyoyaona darasani. Mwalimu ndiye amwonaye mtoto kila siku. Akinyamaza, mtoto huyo ataitwa mjinga, kumbe ana njaa.