Marvin Gaye: Deni Lililozaa Santuri

Askari aliye zamu Kator, mtaa wa Juba lilikosimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, anajua jinsi sauti za kwaya ziwezavyo kumsimamisha mpita njia. Katika uimbaji wa namna hiyo, makanisani mwa Wamarekani weusi, ndimo ulimochipuka muziki wa soul. Mmoja wa mabingwa wake alikuwa hayati Marvin Gaye.

Alizaliwa Washington tarehe 2 Aprili, 1939, mtoto wa mhubiri mkali aliyemchapa bila huruma. Alipofika umri wa miaka 17 alimkimbia baba huyo kwa kujiunga na jeshi la anga. Alitamani ndege, akapewa kazi za mikono. Hakuweza kuzoea amri, na mwaka 1957 aliachishwa.

Huko Detroit, kampuni ya Motown ilimpa jina, naye akamwoa Anna, dada wa Berry Gordy, mwenye kampuni. Mwaka 1971 alitoa What's Going On, santuri iliyotokana kwa sehemu na masimulizi ya mdogo wake aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Dunia nzima iliisifu.

Ndoa haikudumu. Mwaka 1975 Anna alifungua kesi ya talaka, na Gaye, aliyekwisha kutapanya mali yake, hakuwa na cha kulipa. Ikakubaliwa kwamba Anna apate dola 600,000 kutokana na santuri itakayofuata.

Mwanzoni Gaye alikusudia kulipua kazi, deni liishe. Lakini alipoingia studio moyo ulimgeuka. Akaimba juu ya kiapo cha ndoa, wivu, mawakili na upweke, wala hakujificha makosa yake mwenyewe. Here, My Dear, yenye sahani mbili, ilitoka Desemba 1978.

Wengi waliipa kisogo. Wapenzi wake walitaka muziki wa kuchezea, wahakiki wakaiona chungu, na kampuni ikaacha kuitangaza. Anna mwenyewe alifikiria kumshtaki kwa kuanika siri za nyumbani. Gaye akazama katika madeni ya kodi na dawa za kulevya, akahamia Ulaya, na mwaka 1982 wimbo mmoja tu ukamrudishia sifa. Tarehe 1 Aprili, 1984, baba yake alimuua kwa bastola ambayo Gaye mwenyewe alimpa.

Baada ya kifo chake masikio yalifunguka. Santuri ile ilitolewa upya mwaka 1994, na mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliihesabu miongoni mwa santuri 500 bora. Waliodhani ni matusi kwa mke walimsikia ndani yake mtu anayejihukumu.

Kijana aliyeshindwa na amri za jeshi aliitekeleza hukumu ya mahakama kupita alivyotakiwa. Sheria ilimdai fedha. Yeye aliongeza ukweli. Fedha zile zimekwisha zamani, lakini santuri ingali inasikilizwa.