Aliyekwenda kwa Shughuli Zake: Maisha ya Henry Dunant



Hakuna mtu katika makazi yetu asiyeijua alama ya msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Tumeiona kwenye magari, kwenye mahema ya wagonjwa na kwenye fulana za wafanyakazi. Baadhi yetu tumeketi mbele ya mtu mwenye alama hiyo, tukataja jina la mtoto, la mume au la mama tuliyepotezana naye njiani. Tukaandika barua fupi yenye habari za nyumbani tu, kisha tukarudi kwenye nyumba zetu kungoja. Wengine walipata jibu. Wengine wanangoja hadi leo.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba kazi hiyo ilianza kwa mtu mmoja aliyekuwa safarini akitafuta faida yake mwenyewe. Toleo hili tunaeleza maisha yake, kwa sababu yana somo kwetu sisi tuliopoteza vitu vingi.

Kijana wa Geneva

Henry Dunant alizaliwa tarehe 8 Mei 1828 katika mji wa Geneva, nchini Uswisi. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye nafasi na heshima. Baba yake alishughulika na yatima na watu waliotoka gerezani, na mama yake alitembelea maskini na wagonjwa. Henry alikua akiyaona hayo. Alipokuwa kijana aliwatembelea wafungwa na kuwasomea, akakusanya vijana wenzake kusoma Biblia na kusaidia maskini. Mwaka 1852 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha vijana Wakristo, YMCA, katika mji wake.

Kwa hiyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama wengi wetu tulivyokuwa nyumbani kabla ya vita: mtu wa kanisa, mwenye kutoa sadaka, na moyoni akiwa na mipango mikubwa ya kujiinua. Shuleni hakufaulu vizuri, akaingia katika kazi ya benki. Kazi hiyo ilimpeleka Algeria, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wafaransa, akaona huko nafasi ya kutajirika. Akaanzisha kampuni ya kulima na kusaga ngano. Ndugu na marafiki wa Geneva wakaweka fedha zao humo kwa kumwamini.

Tatizo likawa ardhi na maji. Vinu bila maji havisagi, na maofisa wa kule hawakumpa vibali alivyotaka. Miaka ikapita, fedha za watu zikiwa zimekaa bure. Ndipo Dunant akaamua kwenda kumwona mkuu wa wote, yaani Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa. Alitunga hata kitabu cha kumsifu, ili akimpa apate kibali machoni pake. Lakini Napoleon alikuwa kaskazini mwa Italia, akiongoza majeshi yake vitani dhidi ya Austria. Dunant akamfuata huko huko.

Siku za Castiglione

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi hayo yalipigana kutwa nzima karibu na kijiji cha Solferino. Jua lilipozama, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Jioni hiyo Dunant alifika mji mdogo wa karibu, Castiglione, akiwa amevaa suti nyeupe ya safari.

Majeruhi waliletwa kwa maelfu. Walijaza nyumba, makanisa na viwanja, wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Madaktari walikuwa wachache mno. Chakula kilikuwapo, maji yalikuwapo, vitambaa vilikuwapo, lakini watu walikufa kwa njaa, kiu na vidonda kwa sababu hapakuwa na mikono ya kuwahudumia.

Dunant hakuwa daktari wala askari. Hakuna aliyemtuma, na hakuna ambaye angemlaumu kama angeendelea na safari yake. Mfano wa Msamaria Mwema katika Luka sura ya 10 tunaujua wote. Tunajua pia kwamba waliopita kando walikuwa watu wenye shughuli zao, tena shughuli za heshima. Dunant naye alikuwa na shughuli. Hata hivyo alisimama.

Aliingia katika kanisa kubwa la mji huo, ambamo mamia ya majeruhi walikuwa wamelala sakafuni. Akaanza na yale aliyoyaweza: kunywesha maji, kuosha vidonda, kufunga vitambaa. Aliwaita wanawake wa mji, wazee kwa vijana, wakaja kusaidia. Watoto walikwenda mbio kisimani na ndoo, wakirudi na kwenda tena, kama tunavyowaona watoto wetu kwenye bomba. Alimtuma mwendesha gari lake hadi mji wa Brescia akanunue mashati, vitambaa, sukari na malimau. Alinunua na tumbaku, kwa kuwa moshi wake ulipunguza harufu ya vidonda.

Likatokea jambo ambalo sisi tuliotoka katika vita vya kabila na kabila tunapaswa kulitafakari. Wanawake wale walikuwa na sababu ya kuwachukia askari wa Austria. Lakini walipomwona Dunant hamwulizi mtu ametoka jeshi gani, nao wakaacha kuuliza. Walimhudumia Mfaransa, Mwaustria na Mwarabu wa Algeria kwa mkono ule ule, wakiambiana kwamba hao wote ni ndugu. Dunant aliomba pia madaktari wa Austria waliokuwa wametekwa waachiliwe ili watibu wagonjwa, na wakaachiliwa.

Alikaa siku chache tu. Baadaye alikwenda kutafuta nafasi na mtawala, lakini kibali alichokifuata hakukipata.

Baba wa Lyon

Miongoni mwa waliokuwa wakifa kanisani alikuwamo kijana wa miaka kama ishirini, mwenyeji wa Lyon huko Ufaransa, mtoto pekee wa wazazi wake. Dunant alikaa naye na kuchukua jina na anwani ya nyumbani. Baadaye alimfikishia baba habari za mwanawe. Habari aliyompelekea ndiyo habari pekee ambayo mzee yule alipata kuisikia juu ya mwanawe.

Ndugu msomaji, kuna watu wasioelewa jambo hilo lina uzito gani. Wewe unaelewa. Unajua jinsi mama anavyokaa miaka akiuliza kila mgeni anayeshuka kwenye gari. Hata habari ya kifo inamruhusu mtu kulia, kuomboleza na kuanza tena kupumua. Mtu aliyekuja Italia kwa ajili ya vinu vyake alirudi akiwa mjumbe wa mtoto wa mtu mwingine.

Kitabu na mkataba

Aliporudi Geneva hakuweza kusahau. Mwaka 1862 alichapisha kwa fedha zake mwenyewe nakala 1,600 za kitabu kinachosimulia aliyoyaona Solferino, akawapelekea wafalme na wakubwa wa Ulaya. Alipendekeza mambo mawili. La kwanza, kila nchi iandae wakati wa amani watu wa kujitolea kuhudumia majeruhi. La pili, mataifa yapatane kwa maandishi kuwalinda majeruhi na wanaowahudumia.

Mwezi Februari 1863 watu watano wa Geneva, Dunant akiwa mmoja wao, waliunda kamati ambayo baadaye iliitwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864 wajumbe wa nchi 12 walitia sahihi Mkataba wa kwanza wa Geneva. Tangu kile kitabu ilikuwa haijapita miaka miwili.

Kuanguka

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini haikuishia hapo. Wakati Dunant akizunguka Ulaya kwa kazi hiyo, biashara ya Algeria iliendelea kuoza. Mwaka 1867 ilianguka kabisa, na benki iliyohusika nayo ikaanguka pia. Madeni yalikaribia faranga milioni moja. Watu waliomwamini walipoteza fedha zao, na mwaka 1868 mahakama ya Geneva ilimwona ana hatia ya kuwadanganya. Hatupaswi kulificha hilo. Alikuwa ameshindwa kusimamia mali ya wengine, nao waliumia.

Alitolewa katika kamati aliyosaidia kuiunda, na katika YMCA pia. Aliondoka Geneva, wala hakukanyaga tena mji wake hadi kufa. Akawa mtu asiye na kwao. Kuna nyakati huko Paris alilala kwenye mabenchi na kwenye kituo cha gari moshi. Alipaka wino koti lake lililopauka lionekane jeusi, akasugua chaki ukosi wa shati lake uonekane mweupe. Hapa kambini tunaielewa aibu ya namna hiyo, ya mtu aliyekuwa na jina kwao na leo anaficha kiraka.

Mwaka 1887 alifika katika kijiji cha Heiden, milimani mwa Uswisi, akiwa mgonjwa. Ndugu zake walimtumia fedha kidogo za kujikimu. Tangu 1892 aliishi katika chumba kimoja cha hospitali ya pale. Ulimwengu ulimsahau, na wengi walidhani amekufa. Mwaka 1895 mwandishi mmoja wa gazeti alimkuta na kuandika habari zake, zikaenea Ulaya. Mwaka 1901, Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, alipewa yeye pamoja na Mfaransa Frédéric Passy.

Fedha za tuzo hakuzitumia kujistarehesha. Aliendelea kuishi katika chumba kile kile, akiwa bado na hofu ya wadai wake na huzuni nyingi moyoni. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1910, akiwa na miaka 82, akazikwa Zurich bila sherehe, kama alivyotaka. Katika wosia wake aliweka fedha ili pawepo daima katika hospitali ya Heiden kitanda cha bure kwa mgonjwa maskini wa kijiji. Alikumbuka pia vyama vya huruma vya Norway na Uswisi, na yaliyobaki yalipe madeni.

Nini kilibaki?

Wapendwa, tupime maisha haya kwa mizani ya Injili. Dunant alitumia miaka mingi kutafuta vinu, ardhi, jina na kibali cha wakubwa. Vyote vilimponyoka. Na alitumia siku chache akiwa amejisahau kabisa, akipiga magoti sakafuni na ndoo ya maji. Siku hizo chache hakuna aliyeweza kumnyang'anya, si mahakama, si wadai, wala umaskini. Leo karibu kila nchi duniani ina chama cha Msalaba Mwekundu au cha Hilali Nyekundu, pamoja na nchi tulizotoka na nchi zilizotupokea. Mikataba ya Geneva imekubaliwa na mataifa yote. Tunajua vizuri kwamba wenye silaha wanaivunja, tumeyaona kwa macho. Lakini wengi wetu tuko hai kwa sababu kuna walioiheshimu.

Hatusemi kwamba anayewajali wengine hatapata machozi. Dunant aliyapata. Tunasema kwamba nafsi inayojitafutia yenyewe haishibi, hata ikipewa. Bwana wetu alifundisha kwamba anayeing'ang'ania nafsi yake huipoteza, na anayeitoa ndiye anayeipata.

Jambo moja zaidi. Ukikaa miaka mingi kwenye foleni ya posho, shetani anakunong'oneza kwamba wewe ni mtu wa kupokea tu. Usimkubali. Dunant alipoingia kanisani Castiglione hakuwa na dawa wala ujuzi. Alikuwa na maji, kitambaa na muda, na hivyo hata sisi tunavyo. Yuko bibi katika mtaa wako anayeishi peke yake na hawezi kubeba dumu. Yuko mtoto aliyefika bila mzazi. Yuko jirani wa kabila ambalo kwenu mlikatazwa kulisalimia. Yuko mama asiyejua kuandika, anayetaka mtu wa kumwandikia barua ya kumtafuta mwanawe.

Kila mmoja wetu ana shughuli zake. Tusimame njiani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi cha maombi

1. Ni nani aliyesimama kwa ajili yako ulipokuwa njiani kukimbia? Je, umemshukuru Mungu kwa ajili yake?

2. Kwa nini wanawake wa Castiglione waliweza kuwahudumia adui zao? Nani hapa kwetu bado tunamwuliza ametoka upande gani kabla ya kumsaidia?

3. Wiki hii, ni mtu gani mmoja ambaye familia yenu itamchotea maji, itamtembelea au itamwandikia barua?