Mmisionari Johannes Rebmann (1820–1876): Mtumishi Aliyedumu Katika Wito

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani, akalelewa katika uchaji wa Kilutheri. Alipotambua kuwa Bwana anamwita, alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, kisha akatumwa Afrika Mashariki na chama cha misioni cha Kiingereza, CMS. Mwezi Juni 1846 aliwasili Mombasa na kuungana na Dakta Ludwig Krapf, ambaye tayari alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao katika pwani hiyo. Tangu mwanzo, basi, Rebmann aliijua gharama ya wito. Pamoja walianzisha kituo cha Rabai.

Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagga, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Habari hiyo ilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, baadhi ya wataalamu wa jiografia waliibeza. Mwaka uo huo, katika safari yake ya tatu, Mangi Mamkinga wa Machame alimmalizia vitu vyote alivyobeba kwa kudai zawadi. Rebmann alirudi Rabai mikono mitupu, na tumaini la kuifikisha Injili Uchagga likafungwa.

Krapf aliporejea Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya, Rebmann alibaki. Alifundisha, akatunga kamusi za lugha za Kiafrika, akawaombea watu ambao wengi wao hawakuupokea ujumbe wake. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mwaka 1866 alifiwa na mkewe Emma, na macho yake yakaendelea kufifia. Hata hivyo hakuondoka hadi mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao, akiwa karibu kipofu. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Kama Ibrahimu katika Mwanzo 12, aliitika bila kuonyeshwa mwisho wa safari. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Uchagga huko Machame, mahali pale pale alipofilisiwa yeye. Ndivyo Yohana 4 inavyofundisha juu ya apandaye na avunaye. Usharika unaosherehekea miaka 100 ya mavuno hauna budi kumkumbuka mpanzi asiyeyaona, na kuitika wito wake wenyewe kwa uaminifu ule ule.