Ronald Ngala: Kutoka Ubaoni hadi Barazani

Wakaazi wengi wa Nairobi wanalijua jina la Ronald Ngala kwa sababu ya barabara wanakoabiria matatu. Wasomi wa historia nao humtaja panapozuka mjadala wa majimbo. Aghalabu husahaulika kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa, hayati Ronald Gideon Ngala alikuwa mwalimu, na tena mwandishi wa kitabu cha Kiswahili. Mnamo mwaka 1949, shirika la Eagle Press lilichapisha kitabu chake Nchi na Desturi za Wagiriama. Kwa maoni yangu, anayetaka kuzielewa siasa zake hana budi kuanzia hapo.

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika nchi hiyo hiyo ya Wagiriama. Alisoma Kaloleni katika shule ya wamishonari, akaendelea Shimo la Tewa, kisha Alliance, na hatimaye Makerere alikosomea ualimu. Wapwani wa bara waliofika kiwango hicho wakati ule walihesabika kwa vidole. Aliporejea hakukimbilia kazi ya ofisi mjini. Alishika chaki.

Tuzingatie lugha aliyoichagua alipoketi kuandika. Mgiriama anayewasimulia Wagiriama wenzake mila zao angeweza kabisa kuandika kwa Kigiriama. Ngala aliandika kwa Kiswahili. Kwa kufanya hivyo aliwafungulia mlango Mtaita, Mpokomo na hata mgeni wa kutoka bara aishiye Mombasa, wote wapate kuisoma jamii yake. Huyu alikuwa mtu aliyeshikilia kwao kwa mkono mmoja huku mkono wa pili akiwanyoshea majirani. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa baadaye wapinzani wake walimwita mkabila, nao hawakukumbuka kwamba alikuwa na mikono miwili.

Ualimu ulimtembeza. Aliongoza shule ya Mbale katika nchi ya Wataita, kisha akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton mjini Mombasa, na baadaye msimamizi wa shule. Katika zama hizo mwalimu hakuwa mwalimu wa watoto tu. Ndiye aliyewasomea wazee barua na kuwaandikia majibu, na ndiye aliyefasiri amri za serikali. Hivyo, bila kufanya kampeni yoyote, Ngala alijulikana katika milima ya Taita, katika vijiji vya Kaloleni na katika mitaa ya Mombasa. Kabla ya mwaka 1957 alikuwa tayari amekaa katika baraza la mji wa Mombasa, ambako mambo yanayojadiliwa ni yale yale yanayomgusa mtu mlangoni pake: nyumba, maji, soko. Wakati uo huo watu wa makabila tisa ya nyuma ya pwani walikuwa wakijikusanya chini ya jina jipya la Mijikenda, wakilikataa lile la Wanyika lililokuwa na harufu ya dharau. Ngala alikuwa miongoni mwa sauti za umoja huo.

Ukaja uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu kwa nchi nzima. Kura haikuwa ya kila mtu: ilitegemea elimu, mali, kipato na mengineyo, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Fauka ya hayo, vyama vya kisiasa vya nchi nzima vilikuwa vimepigwa marufuku. Mgombea hakuwa na bendera ya chama ya kujifunika. Alikuwa na jina lake na watu waliomjua. Ngala aligombea kiti cha Pwani, eneo pana ajabu, akashinda. Si ajabu kwamba walimu wenzake, akina Daniel arap Moi na Bernard Mate, nao walishinda uchaguzi huo.

Lakini ukaribu na watu una bei yake. KANU ilipoundwa mwaka 1960, Ngala alichaguliwa mweka hazina ilhali yumo safarini nje ya nchi. Aliukataa wadhifa huo, na mwezi Juni mwaka huo akawa rais wa KADU, chama cha jamii ndogo ndogo zilizohofia kumezwa na zile kubwa. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa, na Ngala akakubali kuiongoza shughuli ya serikali. Wapo ambao hawakumsamehe kamwe kwa hilo. Binafsi naona alikosea kupima hasira ya wananchi juu ya suala la Kenyatta, ingawa hofu aliyoiwakilisha ilikuwa ya kweli. Watu waliomtuma walitaka hakikisho juu ya ardhi yao, si sherehe za bendera pekee. Hata hivyo, suala la Mwambao lilipochacha, pale baadhi ya wakaazi wa ukanda wa maili kumi walipotaka kujitenga, Ngala aliwapinga. Alitaka jimbo la Pwani ndani ya Kenya.

Majimbo yaliandikwa katika katiba ya 1963, lakini KANU ilishinda uchaguzi wa Mei mwaka huo, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Novemba 1964 aliivunja KADU na kujiunga na serikali. Baadaye alipewa uwaziri.

Mnamo Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba nyuki waliingia garini na kumtatiza dereva. Ngala alifariki tarehe 25 Desemba. Wapwani wengi hawakuridhika na habari ya nyuki, na hadi leo wazee wanapoisimulia hushusha sauti.