Paul Ehrlich na jina lililofunga mlango

Paul Ehrlich alizaliwa mwaka 1854 huko Strehlen, mji ambao leo uko Poland. Wengi wanamkumbuka kwa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotoka mwaka 1910, aliyoipata pamoja na Mjapani Sahachiro Hata. Historia ya dawa hiyo inapita karibu na kwetu. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kwa atoksili, dawa yenye arseniki, na baadhi yao wakapofuka. Ehrlich alitafuta arseniki itakayoua kijidudu na kumwacha mgonjwa mzima.

Sisi watu wa lugha tuna sababu nyingine ya kumsoma. Karibu na mwaka 1900, yeye na Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Miili yao ilitengeneza kingamwili za kuharibu damu hiyo ya kigeni, lakini damu yao wenyewe haikuguswa. Ehrlich akaona kwamba mwili una kizuizi cha kutojishambulia, akakiita horror autotoxicus, yaani hofu ya kujitia sumu. Jina zito, nusu Kilatini nusu Kigiriki, na kwa maoni yangu uzito wake ndio uliokosesha.

Hakukana kwamba kizuizi hicho kinaweza kushindwa na kuleta ugonjwa. Ila waliomfuata walishika jina, wakaacha maelezo. Mwaka 1904 Donath na Landsteiner, huko Vienna, walionyesha ugonjwa ambao mgonjwa akipatwa na baridi, kingamwili zake mwenyewe zinavunja damu yake. Ushahidi ulikuwepo, lakini kwa karibu nusu karne waganga wengi waliendelea kuamini kwamba mwili haujigeuki. Mwaka 1956 Rose na Witebsky waliwafanya sungura washambulie tezi zao za shingo, na mlango ukafunguka.

Ehrlich hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1915, miaka saba baada ya kushiriki tuzo ya Nobel na Metchnikoff. Istilahi yake nyingine, vipokezi, ilipata bahati zaidi. Katika baridi yabisi, seli za kinga zinatoa protini iitwayo TNF, ambayo ikishika kipokezi cha seli nyingine inaiamuru iwashe uvimbe kwenye viungo. Dawa moja ya siku hizi inaikamata TNF njiani. Nyingine inakata ujumbe ndani ya seli, baada ya kipokezi kuguswa.