Lewis Richardson na jaribio dogo lililoshindwa

Wakaazi wa Fanja, mji wa mitende katika eneo la Dakhiliyah nchini Oman, wanafahamu fika kwamba mvua ikinyesha milimani, wadi iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kufurika kabla ya jua kuchwa.

Kimbunga Gonu kilipoipiga Oman mwezi Juni 2007, watu wapatao 50 walipoteza maisha. Hata hivyo, maelfu walikuwa wamekwishahamishwa, kwa sababu kompyuta zilionyesha mapema kwamba kimbunga kinakuja.

Wakaazi wa Unguja hawakuwa na bahati hiyo mwaka 1872, kimbunga kilipong'oa mikarafuu yao bila ya onyo.

Chanzo cha utabiri wa namna hii ni kazi ya Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyezaliwa Newcastle tarehe 11 Oktoba 1881, katika familia ya madhehebu ya Quaker, ambayo waumini wake hukataa kubeba silaha.

Kalamu vitani

Richardson aliamini kwamba hali ya hewa ya kesho yaweza kukokotolewa kutokana na ya leo, kwa kuigawa anga katika vyumba vya hesabu na kufuata kanuni za fizikia.

Mwaka 1916 aliacha kazi yake katika kituo cha uchunguzi cha Eskdalemuir, Scotland, akaenda Ufaransa kubeba majeruhi katika gari la wagonjwa.

Huko, katika saa za mapumziko, alifanya jaribio dogo: kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya hewa ya saa 6 tu, ya tarehe 20 Mei 1910, katika eneo la Ulaya ya kati. Kazi hiyo ilimchukua kiasi cha wiki 6.

Mwaka 1917 mswada wake ulipotea vitani. Ulipatikana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Jawabu lenyewe lilikuwa baya mno. Hesabu zilionyesha mgandamizo wa hewa ukipanda kwa milibari 145, ilhali siku ile haukubadilika kwa kiasi cha kutajika.

Richardson hakuficha. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 aliyaeleza makosa hayo waziwazi, kisha akatumia jaribio hilo kukadiria nguvu ya hesabu inayohitajika: watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja, ili tu kwenda sambamba na hali ya hewa ya dunia nzima.

Dhamira

Mwaka 1920 idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliwekwa chini ya wizara ya jeshi la anga. Richardson alijiuzulu. Alipotambua kwamba utafiti wake kuhusu misukosuko ya hewa ungewafaa watengenezaji wa gesi ya sumu, aliuacha pia, na miaka yake ya baadaye akaitumia kuchunguza chanzo cha vita kwa njia ya hesabu.

Mwaka 1950 wanasayansi wa Marekani waliitumia kompyuta ya ENIAC kutabiri hali ya hewa ya saa 24. Kazi yenyewe ilichukua takriban saa 24. Richardson alipata habari hizo kabla ya kufariki dunia tarehe 30 Septemba 1953.

Baadaye wataalamu waliirudia hesabu yake kwa kompyuta. Waligundua kwamba njia yake ilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa katika vipimo vya mwanzo. Viliposawazishwa, jawabu lilikaribia ukweli.

Leo, kabla ya kununua au kuunda kompyuta kubwa kupita zote, maabara kama ile ya Sandia nchini Marekani huzipima kwa programu ndogo za kisayansi. Hizi huiga kiini cha programu kubwa zenye mamia ya maelfu ya mistari, ili ijulikane mapema ni wapi mashine itachelewa: katika kukokotoa, kumbukumbu, au mawasiliano baina ya sehemu zake.

Kwa mji ulio kandokando ya wadi, kuchelewa huko si jambo la maabara pekee. Utabiri unaokamilika baada ya mafuriko haumwokoi mtu.

Richardson alilitambua hilo mapema, akiwa na kalamu, karatasi na jawabu lisilo sahihi.