Mohamed Amin: Mwana wa Nairobi aliyeifumbua dunia macho

WATAZAMAJI wa BBC walioketi kusubiri habari siku ya Jumanne, Oktoba 23, 1984, walionyeshwa uwanda wa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ukiwa umejaa maelfu ya watu waliodhoofishwa na njaa. Sauti iliyosimulia ilikuwa ya mwanahabari Mwingereza, Michael Buerk. Picha zenyewe zilikuwa kazi ya mwana wa Nairobi, Mohamed Amin.

Wengi walioguswa na taarifa hiyo hawakupata kulijua jina la aliyeshika kamera. Hata hivyo, maisha ya Mohamed Amin, aliyeitwa Mo na marafiki na wanahabari wenzake, ni kisa cha Mwafrika Mashariki aliyeamua mapema kwamba habari za bara hili zingesimuliwa na mtu wa hapa, kwa kamera yake mwenyewe na chini ya kampuni yake mwenyewe. Uamuzi huo ulimpa sifa na mali. Pia ulimpeleka gerezani, ukamgharimu mkono na kumweka mbali na familia yake kwa sehemu kubwa ya umri wake.

Alizaliwa Agosti 29, 1943, jijini Nairobi, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mwashi katika shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam, Mo akiwa angali mtoto. Miaka mingi baadaye, mwana huyo wa mfanyakazi wa reli alishirikiana na wenzake kutoa kitabu cha picha kuhusu njia hiyo ya garimoshi, inayoanzia Mombasa na kupita Voi na Tsavo kuelekea bara.

Mapenzi yake kwa picha yalianza akiwa shuleni Dar es Salaam, alipopata kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika. Kabla ya kutimiza umri wa miaka 20 alikuwa tayari akiwauzia wahariri picha, zikiwamo za mashindano ya magari ya Safari. Mwaka 1963 aliifungua kampuni yake, Camerapix, katika jiji hilohilo.

Wakati ule kazi ya kupeleka habari za Afrika ughaibuni ilishikwa na wageni waliotumwa kutoka London, Paris na New York. Waliteremka uwanjani, wakakaa siku chache hotelini, kisha wakaondoka. Mo alikuwa na mambo mawili ambayo wengi wao hawakuwa nayo: alikijua Kiswahili, na alikuwa mwenyeji. Alifahamiana na maafisa wa uhamiaji, marubani, makarani na askari wa lango. Habari ilipotokea, mara nyingi alikuwa amekwishafika wakati wenzake wakingali kutafuta viza.

Januari 1964, yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar, Mo alikuwa miongoni mwa wapigapicha wachache waliofanikiwa kuyanasa matukio ya visiwani. Aliendelea kukifuatilia kisiwa hicho, hasa jinsi wataalamu wa kijeshi kutoka nchi za Kikomunisti walivyoingia kutoa mafunzo. Picha hizo hazikuwafurahisha wakubwa. Mwaka 1966 alikamatwa akazuiliwa Zanzibar kwa karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa nchini. Alirejea Nairobi akiwa na umri wa miaka 23, akalazimika kuanza upya.

Nairobi ndiko jina lake lilikokomaa. Jumamosi ya Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa katika Barabara ya Serikali, ambayo leo ni Moi Avenue, Mo alifika dakika chache baadaye. Filamu aliyoipiga siku hiyo ilionyeshwa nchi nyingi na kumpatia nchini Uingereza tuzo ya mpigapicha bora wa runinga wa mwaka huo. Kwa Wakenya, filamu hiyo imebaki kuwa kumbukumbu ya siku iliyobadili mkondo wa siasa za taifa.

Miaka ya 1970 alikuwa mwakilishi wa shirika la habari la picha la Visnews, huku Camerapix ikibaki mali yake. Alimpiga picha Idi Amin wa Uganda mara nyingi, tangu mapinduzi ya Januari 1971. Alifuatilia vita, njaa na mapinduzi katika nchi moja baada ya nyingine. Hakusahau upande mwingine wa maisha: alikwenda Makka kupiga picha za Hija, na kitabu chake kuhusu safari hiyo tukufu kilitoka mwaka 1978. Vilifuata vitabu kuhusu Ziwa Turkana, mandhari ya Kenya, Pakistan na kuangamizwa kwa vifaru. Kwa kazi hizo aliwaonyesha wasomaji bara lenye fahari na uzuri, mbali na taarifa za maafa.

Lakini maafa ndiyo yaliyomjengea jina lake kubwa. Mwaka 1984 serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikiadhimisha miaka 10 ya mapinduzi yake, na haikutaka wageni waione njaa iliyokuwa ikitafuna mikoa ya kaskazini. Mashirika ya misaada yalikuwa yamekwishatoa onyo bila ya kusikilizwa sana. Mo alitumia miaka yake ya kujuana na watu wa Addis Ababa kupata vibali, na mwezi Oktoba yeye na Buerk wakafika Korem na Makale.

Aliyoyakuta huko aliyapiga picha kwa utulivu. Kamera yake haikukimbia huku na huko. Ilipita taratibu juu ya umati uliokuwa umejifunika shuka katika baridi ya alfajiri, ikasimama kwa mama aliyempakata mtoto, na kwa maiti waliokuwa wakiandaliwa kuzikwa. Utulivu huo ndio uliowafanya watazamaji washindwe kugeuza uso.

Kituo cha NBC cha Marekani kiliionyesha taarifa hiyo siku ileile, na hatimaye ikarushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Mwanamuziki Bob Geldof, aliyeitazama akiwa nyumbani, aliwakusanya wenzake kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya Krismasi. Wanamuziki wa Marekani walifuata mwaka 1985, na Julai 13 mwaka huo likafanyika tamasha la Live Aid jijini London na Philadelphia. Mamilioni ya dola yalichangwa, na ndege za kijeshi za mataifa ya Magharibi na ya Mashariki zikabeba chakula hadi Ethiopia.

Makadirio ya waliofariki katika njaa hiyo yanaanzia watu 400,000 hadi milioni moja. Bila picha za Korem, idadi hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Hata hivyo, wapo waliohoji urithi wa picha hizo. Wakosoaji wanasema ziliwazoesha watu wa Magharibi kumwona Mwafrika kama mtu wa kunyoosha mkono tu, na kwamba simulizi ya ukame iliifunika siasa: vita vya serikali dhidi ya waasi, na mpango wa kuwahamisha watu kwa nguvu uliosababisha vifo vya maelfu. Hoja hizo zina uzito. Lakini aliyezipiga picha hizo alikuwa pia mwandishi wa vitabu vinavyoisifu Afrika, na lawama ya dunia kuchagua kukumbuka upande mmja tu haiwezi kuwa yake peke yake.

Mwaka 1991 Ethiopia ilimtoza gharama yake. Mengistu alikuwa ametoroka na waasi kuutwaa mji mkuu mwishoni mwa Mei. Juni 4, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa wakati Mo na wenzake wakipiga picha karibu nalo. Fundi wake wa sauti, Mkenya John Mathai, aliuawa. Mo alijeruhiwa vibaya na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Wengi walidhani kazi yake imekwisha, kwani kamera za wakati ule zilikuwa nzito na zilihitaji mikono miwili. Aliwekewa mkono wa bandia, akajifunza upya kuishika kamera, na baada ya muda mfupi akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, akiwa na umri wa miaka 53, alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi pamoja na mwandishi Brian Tetley, mwenzake wa miaka mingi katika Camerapix. Watu watatu waliiteka ndege hiyo wakitaka ipelekwe Australia, ingawa rubani aliwaeleza kwamba mafuta yasingetosha. Mafuta yalipokwisha, ndege ilianguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Mo na Tetley wakiwa miongoni mwao. Walionusurika walieleza kwamba katika dakika za mwisho alisimama, akabishana na watekaji na kuwahimiza abiria wenzake wasikubali kufa wameketi.

Aliacha mjane na mwana mmoja, Salim Amin, aliyeirithi Camerapix pamoja na hazina kubwa ya picha na filamu. Mwaka 2006 Salim alishiriki kutoa filamu ya hali halisi kuhusu baba yake, ambamo hakuficha kwamba mtu aliyejulikana na dunia nzima alikuwa mgeni nyumbani kwake. Wakfu wenye jina la Mohamed Amin nao ulianzishwa Nairobi ili kuwafunza vijana wa Afrika kazi ya runinga.

Picha za Zanzibar, za mauaji ya Mboya na za Korem zimo katika hazina hiyo hadi leo, zikitunzwa jijini alikozaliwa aliyezipiga. Historia nyingi ya Afrika iliyonaswa kwa kamera imehifadhiwa Ulaya na Marekani, na Mwafrika huilipia anapotaka kuiona. Sehemu aliyoinasa Mohamed Amin ilibaki Nairobi, kwa kuwa mwaka 1963 kijana mmoja alikataa kuwa kibarua wa kamera ya mwingine.